Viti vya Safu ya Mbele

Kila Jumatatu jioni nilikuwa nikimwandikia waziri barua kwa niaba ya waziri. Usicheke. Huku kwetu ndivyo kazi inavyokwenda. Mbunge anaweka meza kwenye uwazi wa chini ya jengo letu la ghorofa, Bloku 62, anasikiliza shida za watu wa jimbo lake. Sisi wa kujitolea tunazigeuza shida hizo kuwa barua za kwenda wizarani, mbunge anatia sahihi, barua inaondoka. Sasa ikitokea mbunge wako ndiye waziri wa wizara hiyohiyo, anajiandikia mwenyewe: "Mheshimiwa Waziri, naomba ulitazame kwa huruma ombi la wakazi wangu." Baada ya wiki kadhaa anajijibu mwenyewe kwamba anasikitika, haiwezekani. Nimeandika barua nne za namna hiyo kuhusu basi moja, na zote alizitia sahihi bila kupepesa jicho.

Jina lake Auyong Wai Keen. Sisi wa jimbo lake, Bukit Selasih, tulimwita Dokta, kwa sababu ya shahada zake, na ukimwita hivyo alifurahi ingawa alijifanya hajali. Baba yake alikuwa dereva wa basi. Hilo ungelijua hata kama hukuuliza, maana hakuna hotuba aliyotoa bila kumtaja. Walikulia chumba kimoja, ndugu sita, na Dokta akawa anashika namba moja tangu darasa la kwanza mpaka serikali ikampeleka Uingereza kusomea uhandisi. Akarudi, akapanda vyeo ofisini, kisha siku moja chama kikamwalika chai. Mtu akialikwa chai na chama, huku kwetu, anatoka hapo mbunge. Yeye alitoka mbunge na naibu waziri kwa mpigo.

Kilichomponza ni mdomo. Alipokuwa Wizara ya Nyumba, wanawake walimlalamikia kwamba vyumba vya majengo mapya vimekuwa vidogo mno. Akasema vyumba vidogo vinafundisha familia kupendana. Alipohamishiwa Maji, bei ikapanda, watu wakanung'unika, naye akasema yeye anaoga kwa dakika tatu na hajawahi kunuka. Tangu siku hiyo nchi nzima ikamwita Dakika Tatu. Rafiki yangu Ramlah, tuliyekuwa tukikaa naye meza moja kuandika hizo barua, alikuwa akisema, "Mimi namwonea huruma mkewe tu," na kila Jumatatu nilicheka kama vile sijawahi kuusikia mzaha huo.

Lakini nimtendee haki. Mwizi hakuwa. Mfanyabiashara mmoja alimpelekea shemeji wa Dokta kikapu cha duriani kwa matumaini kwamba harufu itamfikia waziri. Dokta alipojua alimripoti shemeji yake mwenyewe, magazeti yakaandika, mkewe akahamia kwa dada yake mpaka mwaka ukaisha. Nusu ya watu walimwona shujaa, nusu walimwona hana damu mwilini. Mimi nilikuwa katika ile nusu ya kwanza, ndiyo maana nilikuwa naacha kazi yangu ya ukarani jioni, miguu imevimba, nakwenda kumfanyia kazi bure.

Kisha akapewa Uchukuzi, na Uchukuzi ukaondoa basi 417.

Basi hilo lilikuwa linasimama mbele ya Bloku 62 na kumshusha mtu mlangoni pa kituo cha kusafisha damu. Mama yangu alikuwa akienda huko mara tatu kwa wiki. Figo zake zilikuwa zimekwisha, hakuna njia nyingine ya kusema. Alikuwa anapanda na kikapu chake cha kufuma, dereva anamngoja akae ndipo anaondoka, wenzake wawili watatu wa mashine wamo humo tayari, wanasengenya wakwe zao njia nzima. Ulikuwa mtoko wake. Wizara ilisema abiria ni wachache, na reli mpya iko karibu.

Karibu kwa nani? Kufika stesheni mama alipaswa kupanda daraja la kuvukia barabara, ashuke, atembee kandokando ya uzio wa ujenzi kwenye jua lile letu la saa saba, apande treni, kisha basi jingine. Nilimwambia achukue teksi. Akasema teksi ni ya wagonjwa. Nilimwambia nitaomba ruhusa kazini nimpeleke. Akasema mara tatu kwa wiki, kila wiki? Hao mabosi wako ni wajomba zako?

Bungeni mpinzani mmoja akauliza kuhusu wazee wa Bukit Selasih na basi lao. Dokta akasimama. Nilikuwa naangalia kwenye simu, nikajua mdomo unakuja. "Marehemu baba yangu aliendesha basi maisha yake yote," akasema, "lakini kazini alikwenda kwa miguu, na aliishi miaka tisini. Kutembea ni afya."

Mama alikuwa anakula uji mezani. Akaweka kijiko chini.

"Huyu ndiye unayemfanyia kazi bure?"

"Mama, hakukusudia vibaya."

"Angekusudia vibaya ningemwelewa."

Jumatatu iliyofuata foleni ilifika mpaka kwenye masanduku ya barua. Wazee watupu. Mmoja alikuwa amejibandika karatasi kifuani, ameandika "Nina afya sana". Niliandika barua ya kwanza: wazee wa Bloku 62, 63 na 65 wanaokwenda matibabu wanaomba basi lirudishwe, hata kama ni asubuhi na mchana tu. Sikutaja jina la mama. Hapo ndipo penye uchungu wote, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mtu aliyemripoti shemeji yake kwa duriani, ukimwambia basi hili namwombea mama yangu, ombi lote linaoza mkononi. Lingekuwa upendeleo. Basi nikamwandika mama kama "baadhi ya wakazi".

Dokta akaisoma, akatikisa kichwa, akatia sahihi.

"Eng, unajua nitakataa," akaniambia.

"Kwa nini unatia sahihi basi?"

"Kwa sababu mimi ni mbunge wao. Lazima niwasemee."

"Na ukishawasemea?"

"Wizara inatazama hesabu za abiria. Nikirudisha basi la jimbo langu na kuacha ya majimbo ya wenzangu, watu watasemaje? Watasema Auyong anajipendelea."

"Na usiporudisha watasema Auyong hana moyo."

"Hilo wanasema tayari," akajibu, na akachukua barua inayofuata.

Ungefanya nini na mtu wa namna hiyo? Angekuwa mla rushwa ningemchukia nikalala. Huyu alikuwa safi, na usafi wake ulikuwa umesimama mlangoni pangu, mama yangu hapiti. Jibu lilipokuja nililifungua mwenyewe, maana ilikuwa kazi yangu kufungua majibu. Waziri alikuwa anamshukuru Mbunge kwa barua yake. Waziri alikuwa anasikitika. Niliandika ya pili, nikaweka maneno "wagonjwa wa figo". Ya tatu nikaweka daraja na ngazi zake. Ya nne Ramlah alinisaidia kutunga, tukaitia machozi mpaka tukajionea haya. Waziri alimshukuru Mbunge.

Wakati huo mama akawa anarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Nikamuuliza, akasema mashine siku hizi ni mpya, zinafanya haraka. Mimi, mwanamke mzima, nikakubali. Mpaka nesi aliponipigia simu kazini kuuliza kama mama amehamia kituo kingine. Nilirudi nyumbani damu inanichemka, nikamkuta anafuma.

"Mama, umeacha kwenda?"

"Naenda. Siku jua likiwa kali nafika darajani, nakaa kwenye ngazi, narudi."

"Utakufa, mama."

"Na darajani nisingekufa?" Akavuta uzi. "Rudisheni basi nitapanda. Si wewe uko serikalini?"

Niko serikalini. Na kalamu yangu ya kuandikia barua. Kuanzia hapo nilikuwa naomba ruhusa siku nilizoweza, na siku nisizoweza namlipia teksi kwa simu, naye anamwambia dereva aende zake, mgonjwa hayupo. Tuligombana kuhusu hilo mpaka jirani akawa anagonga ukuta.

Ndipo mimi na Ramlah tukapanga jambo letu. Mwezi wa Saba wa kalenda yetu ya Kichina ulikuwa unakaribia. Katika mwezi huo wafu wetu wanafunguliwa lango, wanarudi kutembelea duniani, nasi tunawawekea chakula, tunawachomea pesa za karatasi, na kwenye uwanja ulio kati ya Bloku 62 na 63 tunawapigia getai: jukwaa, taa za rangi zote, waimbaji waliovaa manyoya na kumetameta, nyimbo za Kihokkien kwa sauti ya kupasua kioo. Viti vyekundu vya plastiki vinapangwa safu kwa safu. Safu ya mbele ni ya wafu. Haikaliwi. Hata mtoto wa miaka miwili akiielekea, mama yake anamdaka.

Mwenyekiti wa kamati ya Mwezi wa Saba alikuwa Anko Poh, mzee anayeuza vitu vya mazishi, mwenye sauti ya kutosha bila kipaza sauti. Tulimfuata dukani kwake.

"Anko, waziri tumemwalika getai. Amekubali, kamera zitakuwepo. Wewe utakapompandisha jukwaani, muulize kuhusu basi mbele ya watu wote."

"Nimuulize vipi?"

"Lirudi au lisirudi. Neno moja."

Anko Poh akacheka, akafuta mikono kwenye suruali. "Mbele ya walio hai na wafu. Hapo hachomoki."

Ramlah, ambaye ni Mwislamu na Mwezi wa Saba si wake lakini huwa hakosi getai hata moja, akasema, "Mkimpata mwaka huu, mwaka ujao naimba mimi."

Jioni ya getai uwanja ulijaa. Mama alikuwa amefika mapema, amekaa safu ya pili, kiti cha tatu kutoka kushoto, kama miaka yote. Marehemu baba yangu alikuwa kiziwi wa sikio moja, kwa hiyo mama alishikilia kwamba lazima huwa anakaa kiti cha tatu safu ya mbele, karibu na spika. Na yeye anakaa nyuma yake. Miaka yote tangu tumzike baba, usiku huo mmoja walikuwa wanatazama getai pamoja. Uso wake ulikuwa umevimba siku hiyo, lakini alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

Dokta akaingia na mlinzi wake, akawa anapeana mikono njia nzima, kamera zinarudi nyuma mbele yake. Mimi nilikuwa pembeni mwa jukwaa na Anko Poh, tumemwandalia meza yake ubavuni, ina kitambaa na jina lake. Nikampungia mkono. Hakuniona.

Sasa elewa jambo hili. Mtu huyu, tangu alipoitwa chai, hajawahi kuhudhuria shughuli yoyote asikae safu ya mbele. Shuleni, sokoni, kwenye maziko, kwenye mashindano ya mbwa, safu ya mbele huachwa wazi ikimngoja. Miguu yake ilikuwa imezoea. Akaona safu ya mbele iko wazi, viti vyote vitupu, visafi, akaenda moja kwa moja, akajifungua kitufe cha koti, akaketi. Kiti cha tatu kutoka kushoto.

Mwimbaji akakatisha neno katikati. Ngoma ikaendelea kidogo peke yake, nayo ikafa. Watu mia kadhaa, na ungesikia mafuta yakilia kwenye karai la muuza chipsi za viazi vitamu.

Mama akamgusa begani kwa upepeo wake wa mkono.

"Kijana, umemkalia mume wangu."

Dokta akageuka, akatabasamu lile tabasamu la kamera. "Samahani mama, sijakuelewa."

"Mume wangu. Umemkalia."

Nikaona inamwingia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, viti vitupu pande zote mbili, akajua amekaa wapi. Na hapo, hapo hasa, ndipo mtu mwenye akili ya kawaida anaruka kama ameketi juu ya jiko. Yeye hakuruka. Nilikuwa nimeshamfikia, nimechuchumaa mbele yake.

"Dokta, simama. Simama tu, omba radhi, meza yako ile kule."

Akaninong'oneza, "Eng, subiri. Nikisimama haraka nitaonekana naamini mambo haya, na kanisani kwangu wataniuliza. Nikiendelea kukaa nitaonekana siyaheshimu. Nipe nafasi nifikirie."

"Usifikirie. Simama."

"Mambo yote ni ya kufikiria," akasema, na akawa anafikiria, amekaa juu ya baba yangu, simu zote za Bukit Selasih ziko hewani zinamrekodi.

Mama akamgusa tena. "Bado upo?"

"Mama, kwa heshima zote," Dokta akasema, na nikafumba macho, "kiti hiki ni kitupu. Na mimi nimesimama tangu asubuhi."

"Basi tembea," mama akasema. "Si ulisema ni afya?"

Uwanja ukalipuka. Walicheka mpaka wengine wakashika viti. Dokta akasimama, masikio mekundu kama viti vile, akaelekea kwenye meza yake. Mimi nikamgeukia Anko Poh, nikamfanyia ishara: sasa, sasa ndiyo nafasi, muulize. Anko Poh alikuwa ameshika kipaza sauti. Akakizima.

"Siongei na mtu aliyekalia wakubwa zangu," akasema.

"Anko, basi. Tulipatana kuhusu basi."

"Basi?" Akanitazama kama mimi ndiye mwendawazimu. "Mtu amemkalia baba yako, wewe unaniletea habari za basi?"

Ikawa ndiyo imekwisha. Kesho yake hapakuwa na mtu nchini asiyeiona ile video. Magazeti yakaandika kuhusu kiti. Maprofesa wakahojiwa kuhusu kiti. Wengine walisema hana adabu kwa mila, wengine wakasema ndiye pekee mwenye ujasiri wa kukaa pale, wakatukanana wiki mbili. Wizara ikatoa taarifa ya kuomba radhi, na Dokta akaongeza kwa mkono wake sentensi kwamba kwa macho ya kawaida kiti kilionekana kitupu, tukaanza upya. Nilikuwa nawaandikia waandishi wa habari: yule mama wa kwenye video ni mgonjwa, ameondolewa basi lake, muulizeni kuhusu basi. Mmoja alinijibu. Alitaka kujua kama mama atakubali kupigwa picha karibu na kiti.

Unajua serikali ilifanya nini? Ndani ya wiki moja vikaja vibandiko. Vizuri, vya plastiki ngumu, lugha nne: safu hii imehifadhiwa. Vikabandikwa kwenye viti vyote vya mbele vya getai zote za mtaa. Wiki moja tu. Kwa wafu hawakuhitaji hesabu ya abiria. Nilikaa chini ya Bloku 62 nikilia kwa hasira, Ramlah ananipigapiga mgongoni, hana mzaha hata mmoja.

Mama alifariki kabla ya Mwaka Mpya. Maji yalimjaa kifuani. Daktari alisema maneno mengi ya kistaarabu kuhusu "kukosa mahudhurio", na mimi nikaitikia kwa kichwa kila mahali palipostahili kuitikia.

Jeneza lake tuliliweka kwenye uwazi wa chini ya jengo kama desturi, siku tano, pazia la manjano, meza za karanga na njugu, watu wanacheza karata usiku kucha ili asibaki peke yake. Pale pale tulipokuwa tunaweka meza za Jumatatu. Dokta alikuja siku ya pili. Wabunge huenda kwenye misiba yote ya jimbo, ni sehemu ya kazi, lakini hakuja na kamera. Akainama mbele ya picha ya mama mara tatu kama inavyotakiwa, kisha akabaki ameitazama.

"Ni yule wa kwenye getai," akasema.

"Ndiye."

"Sikujua ni mama yako."

"Sikukuambia."

Akakaa kwenye benchi, nikammiminia chai ya pakiti. Akauliza alikuwa anaumwa nini, nikamwambia figo. Akauliza alikuwa anatibiwa wapi, nikamwambia wapi. Niliona hesabu inajipiga yenyewe nyuma ya miwani yake. Ni mhandisi, hakuhitaji msaada.

"Basi 417," akasema.

"Umetia sahihi mara nne."

"Ziliandikwa baadhi ya wakazi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Eng, kwa nini hukuniambia ni mama yako?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Mtu mwingine angesema, ah, ningefanya kila niwezalo. Mtu yeyote angesema hivyo msibani, ni adabu tu, haina gharama. Dokta alizungusha kikombe mkononi, akafikiria kwa dhati, kama kawaida yake.

"Ningekuondoa kwenye meza ya barua," akasema.

Nilitaka kummwagia ile chai. Badala yake nilicheka, kicheko kibaya, mpaka wacheza karata wakageuka. Maana ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelijua jibu hilo tangu barua ya kwanza, na kumsikia akilitamka kwa unyofu kiasi kile, mbele ya picha ya mama, kulinikatisha tamaa kuliko uongo wowote. Akaondoka bila kumaliza chai. Jumatatu iliyofuata sikwenda, na sijarudi tena.

Miezi michache baadaye baraza la mawaziri likapangwa upya na jina lake halikuwemo. Waziri Mkuu alimshukuru kwa utumishi wake. Watu wakasema ni kwa sababu ya kiti. Kila mtu alisema kiti. Waziri mpya wa Uchukuzi, kijana mchangamfu anayejua kucheka na watoto, alifika Bukit Selasih, akapiga picha na wazee, akasema suala la basi 417 linafanyiwa utafiti. Bado linafanyiwa. Juzi nimepita pale kwenye kituo cha basi, wameweka benchi jipya na paa zuri la kuzuia mvua, na hakuna kinachosimama.

Mwezi wa Saba ukarudi. Nilikwenda getai mapema, nikakaa safu ya pili, kiti cha tatu kutoka kushoto, kiti cha mama. Mbele yangu ni kiti cha baba, na kando yake, cha nne, nilikuwa nimeweka upepeo wa mama na mfuko wa zile karanga alizopenda. Kibandiko cha serikali kiko mgongoni mwa kiti kwa lugha nne. Ramlah alikuwa amekuja na wajukuu. Mwimbaji alikuwa yule yule wa mwaka jana.

Nikahisi mtu amesimama pembeni mwa safu. Dokta, peke yake, shati la mikono mifupi, hana mlinzi, ana mfuko wa machungwa. Watu wachache walimtambua wakapigana viwiko, hakuna aliyetoa simu. Viti vilikuwepo nyuma, vingi tu, lakini hakukaa. Alikuwa anatazama safu ya mbele, kiti kimoja kimoja, kama mtu anayemtafuta abiria.

Akainama kidogo ili nimsikie juu ya ngoma.

"Eng. Mama yako amekaa kipi?"

Mtu aliyesema kiti ni kitupu. Nilijua ni kiasi gani kilimgharimu kuuliza vile, na nilijua kwamba binti mwema angemwonyesha, angepokea machungwa, mambo yakaisha kwa amani. Nikamwonyesha kile chenye upepeo.

"Kile pale," nikamwambia. "Lakini bado hajafika. Anakuja kwa miguu."

Aliweka machungwa chini, akabaki amesimama mpaka nyimbo zikaisha na vijana wakaanza kukunja viti, uso ameuelekeza upande wa kituo cha basi.